Jinsi miji inavyojaribu mbinu mpya za uchukuzi, na kwa nini nyingi hukwama njiani

JUMATATU ya Desemba 3, 2018 wakazi wa Nairobi waliraukia kazini kama ilivyo ada yao. Walipofika Ngara, Muthurwa na vituo vingine vya pembezoni mwa jiji, makondakta waliwaambia washuke kwa kuwa matatu hazikuruhusiwa tena kuingia katikati ya mji. Maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka hapo hadi afisini, sokoni na hospitalini. Miongoni mwao walikuwa wajawazito, wakongwe, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Malalamishi yalitanda kote nchini, na kabla ya juma hilo kumalizika agizo lenyewe lilikuwa limesimamishwa.

Nia ya agizo hilo haikuwa mbaya. Kila anayepita katika Barabara ya Tom Mboya au River Road jioni anajua kwamba katikati ya Nairobi pamesakamwa na magari. Miji mingi duniani imewahi kupunguza magari katikati yake na ikafaulu. Tofauti ni kwamba miji hiyo ilianza kwa kujiuliza maswali ambayo siku ile hayakuwa na jibu: abiria akishushwa Ngara, ni nini kitakachomfikisha anakokwenda? Ni nani atakayelipia safari hiyo ya pili? Mambo yakienda mrama, ni nani atakayejua, na atarekebisha vipi?

Makala haya yanaeleza jinsi miji kadhaa ilivyoshughulikia maswali hayo. Yanaonyesha pia kwamba katika sera ya uchukuzi, kubuni wazo jipya ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulilea wazo hilo hadi liwe desturi ya kila siku.

Maumivu leo, faida kesho

Sera mpya ya uchukuzi ina tabia moja inayowatisha wanasiasa. Maumivu yake hufika asubuhi ya kwanza, ilhali faida zake hukawia. Isitoshe, maumivu huwaangukia watu wachache wanaojulikana na ambao hupiga kelele: mwenye gari anayetozwa ada, dereva anayepoteza njia yake, mfanyabiashara anayehofia kukosa wateja. Faida nazo husambaa kwa watu wengi kidogo kidogo. Abiria anayeokoa dakika kumi kila siku hafanyi maandamano ya kushukuru.

Kwa sababu hiyo, mji unaotaka kubadili mambo hauna budi kupanga mapema jinsi utakavyovuka kipindi kile cha kwanza ambapo wanaoumia wanasikika na wanaofaidi bado hawajaona kitu. Baadhi ya miji imevuka kwa kufanya majaribio, mingine kwa kuonyesha wazi fedha zinakokwenda, na mingine kwa kuwafanya waliotarajiwa kupoteza kuwa washirika.

Stockholm ilijaribu kwanza, ikapiga kura baadaye

Mfano bora wa majaribio ni Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Mnamo Januari 3, 2006 mji huo ulianza kutoza ada kila gari lililovuka mpaka wa eneo la kati saa za mchana katika siku za kazi. Ada ilikuwa kati ya kroni 10 na 20 kutegemea saa, na hakuna aliyelipa zaidi ya kroni 60 kwa siku. Kamera zilisoma nambari za usajili wa magari.

Wazo hilo halikupendwa. Kabla ya uchaguzi wa 2002 Meya Annika Billström alikuwa ameahidi kwamba hapangekuwa na ada ya aina hiyo. Aliikubali baadaye kwa sababu chama cha wanamazingira kiliifanya kuwa sharti la kuunga mkono serikali. Wakazi wengi waliona kwamba wamesalitiwa, na magazeti yalitabiri maafa.

Hata hivyo, watawala walifanya mambo matatu ya busara. Kwanza, waliongeza mabasi mapya yapatayo mia mbili na njia mpya za usafiri mnamo Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya ada yenyewe. Mwenye gari alipoanza kutozwa, basi lilikuwa tayari linamngoja. Pili, walitangaza tarehe ya mwisho ya jaribio: Julai 31, 2006. Tatu, waliahidi kwamba wananchi wangepiga kura ya maoni mnamo Septemba baada ya kujionea wenyewe.

Matokeo yalishangaza hata wapangaji. Magari yaliyovuka mpaka yalipungua kwa takriban asilimia 20, zaidi ya yale waliyotarajia. Jaribio lilipokoma mwishoni mwa Julai, magari mengi yalirejea na kila mkazi akaona kwa macho yake tofauti kati ya miezi saba iliyopita na siku hiyo. Kura ilipopigwa Septemba 17, wengi wa wapigakura wa mji huo waliikubali ada, ingawa vitongoji kadhaa jirani viliikataa. Serikali mpya, iliyoundwa na vyama vilivyokuwa vimeipinga, iliirejesha kwa kudumu mnamo Agosti 2007.

Linganisha na Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Nao ulikuwa na mpango wa kutoza magari, lakini uliwauliza wananchi kwanza. Katika kura ya Februari 2005, takriban asilimia 74 walisema la. Mpango ukazikwa hapo hapo. Wapigakura wa Edinburgh hawakuwa wakaidi kuliko wa Stockholm. Waliulizwa kuhusu maumivu waliyoweza kuyawazia bila kupewa nafasi ya kuonja faida.

Yafaa kusisitiza kwamba jaribio la kweli lina masharti. Lazima pawe na takwimu zilizokusanywa kabla ya kuanza, lazima pawe na tarehe ya mwisho, na lazima pawe na uwezekano wa kweli wa kulikataa. Agizo linalotolewa Ijumaa na kutekelezwa Jumatatu bila kuhesabu chochote haliwezi kuitwa jaribio, hata likisimamishwa Jumanne.

Fedha zinakwenda wapi?

London ilifuata njia tofauti kidogo. Ken Livingstone aligombea umeya mwaka wa 2000 akiwa ametangaza waziwazi kwamba angetoza ada ya msongamano. Aliposhinda, aliianzisha Februari 17, 2003 kwa kiwango cha pauni 5 kwa siku. Siku hiyo wengi walitarajia vurugu. Badala yake barabara za katikati ya London zilikuwa shwari. Katika mwaka wa kwanza magari yaliyoingia eneo hilo yalipungua kwa karibu asilimia 18, na Livingstone alichaguliwa tena mwaka wa 2004.

Siri moja ilikuwa katika sheria. Mapato ya ada hiyo yalifungwa kisheria yatumike katika uchukuzi tu, na mabasi ya ziada yapatayo mia tatu yaliwekwa barabarani ada ilipoanza. Mlipaji alijua shilingi yake inakwenda wapi. Mwananchi anaweza kuvumilia ada anayoichukia iwapo anaona basi iliyoinunua. Ada inayotokomea katika mfuko usiojulikana huonekana kuwa kodi nyingine tu.

Lakini London ilitufundisha pia kwamba sera haiwezi kupandwa na kusahauliwa. Baada ya miaka michache msongamano ulirejea, kwa sehemu kwa sababu nafasi iliyopatikana ilitolewa kwa mabasi, waendao kwa miguu na baiskeli, na kwa sehemu kwa sababu ya ukarabati wa mabomba chini ya barabara. Eneo lililoongezwa upande wa magharibi mwaka wa 2007 liliondolewa Januari 2011 baada ya Meya mpya, Boris Johnson, kuwasikiliza waliolipinga. Kiwango chenyewe kimepandishwa mara kadhaa.

Singapore ndiyo mkongwe wa jambo hili. Ilianza kutoza magari yanayoingia eneo la kati mwezi Juni 1975 kwa kutumia vibandiko vya karatasi vilivyokaguliwa na askari waliosimama barabarani. Gari lililobeba watu wanne au zaidi halikulipa. Mwaka wa 1998 vibandiko viliondolewa na mitambo ya kielektroniki ikachukua nafasi. Hapa pana funzo kwa wale wanaoamini kwamba bila teknolojia ya kisasa hakuna linalowezekana. Singapore iliendesha mpango wake kwa karatasi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata mitambo.

Waliotarajiwa kupoteza wakawa washirika

Katika miji ya nchi zinazoendelea tatizo kubwa huwa ni maelfu ya wenye magari madogo ya abiria ambao riziki yao inategemea hali ilivyo, zaidi ya wenye magari ya kibinafsi. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ulikuwa na mabasi mengi yaliyogombania abiria kando ya barabara kiasi kwamba wenyeji waliita hali hiyo vita vya senti. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezewa zaidi.

Meya Enrique Peñalosa, aliyetawala kati ya 1998 na 2000, alianzisha mfumo wa mabasi yaendayo haraka katika barabara zake pekee. Mfumo huo, TransMilenio, ulianza Desemba 2000. Alichoiga kutoka Curitiba, mji wa Brazil uliotangulia kutengea mabasi barabara zake mwaka wa 1974, kilikuwa umbo la nje: njia pekee, vituo vilivyoinuliwa na nauli kulipwa kabla ya kupanda. Kilichokuwa kipya kilikuwa jinsi ya kuwalipa wenye mabasi.

Chini ya mfumo wa zamani, mapato ya dereva yalitegemea idadi ya abiria aliowanyakua. Kwa hivyo alikimbia, akasimama popote, akampita mwenzake kwa hatari. Chini ya mfumo mpya, kampuni za mabasi ya barabara kuu zililipwa kwa kila kilomita waliyosafiri kulingana na ratiba. Haja ya kugombania abiria ikaisha kwa sababu abiria hakuwa tena mali ya basi. Zaidi ya hayo, wenye mabasi ya zamani walipewa nafasi ya kuungana, kuunda kampuni na kushindania kandarasi, kwa sharti la kuharibu mabasi kadhaa makuukuu kwa kila basi jipya. Sehemu ya ushuru wa petroli ilitumika kujenga barabara na vituo.

Lagos nayo ilijifunza kutoka hapo. Shirika la kusimamia uchukuzi la jimbo hilo, LAMATA, lililoundwa mwaka wa 2002, halikukabiliana na chama cha madereva kama adui. Viongozi wa chama walipelekwa Amerika Kusini wakajionee, na njia ya kwanza ya mabasi hayo, yenye urefu wa kilomita 22, ilipofunguliwa Machi 2008, chama hicho ndicho kilichoyaendesha.

Jiji la Delhi, India, lilipitia mkondo mwingine. Njia yake ya mabasi, isiyofika hata kilomita sita, ilifunguliwa mwaka wa 2008 katikati ya barabara. Wenye magari waliona wamenyang'anywa nafasi na walikwenda mahakamani. Mwaka wa 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba barabara ni ya watu wala si ya magari, na ikaikubali njia hiyo. Hata ushindi huo haukuinusuru. Ilikuwa fupi mno kuwafaa abiria wengi, na kwa hivyo haikuwa na watetezi wa kutosha. Mwaka wa 2015 serikali iliamua kuibomoa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mradi mdogo sana hupata maadui wote wa mradi mkubwa bila kupata marafiki wake.

Kadi ya Nairobi na kadi ya Kigali

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa kulipa nauli bila pesa taslimu. Serikali ya Kenya iliagiza kwamba kufikia Julai 1, 2014 abiria wote wa magari ya umma walipe kwa kadi. Kampuni kadhaa zilitoa kadi zao. Tarehe ilifika, ikapita, na makanga wakaendelea kushika noti vidoleni kama walivyozoea.

Kwa nini? Sababu haikuwa kwamba Mkenya haelewi teknolojia. Nchi hii ndiyo iliyoupa ulimwengu M-Pesa mnamo 2007. Sababu ilikuwa katika mfumo wa kazi. Dereva na kondakta wa matatu huwa na kiwango cha pesa ambacho ni lazima wamfikishie mwenye gari kila jioni, na kinachobaki ndicho chao. Fedha hizo hununua mafuta, hulipa wapigadebe kituoni, na, kama kila mmoja ajuavyo, nyingine huishia mikononi mwa maafisa barabarani. Kadi ingempa mwenye gari hesabu kamili na kumwacha mhudumu bila kitu mfukoni, kwa kuwa hakuwa na mshahara. Aliyetakiwa kuitekeleza sera ndiye aliyekuwa akiipoteza riziki yake. Aidha, kadi ya kampuni moja haikutumika katika gari la nyingine.

Kigali ilianzia upande wa pili. Mwaka wa 2013 mji huo uligawanywa katika maeneo na kampuni chache zikapewa kandarasi za kuyahudumia. Kadi ya kugusa ilikuja baadaye, mwaka wa 2015, wakati wahudumu walikuwa tayari chini ya kampuni zinazojulikana. Kadi ikashika. Si kwamba kila kitu kilinyooka, kwani miaka iliyofuata abiria wa Kigali walilalamikia foleni ndefu na uhaba wa mabasi. Lakini katika suala la kadi, mpangilio ulikuwa sahihi: kwanza ajira na kandarasi, kisha mtambo.

Ajabu ni kwamba leo abiria wengi wa Nairobi hulipa nauli kwa simu, hasa tangu janga la korona la mwaka wa 2020. Kilichoshindikana kwa amri kiliingia polepole kwa mkono wa abiria mwenyewe, kwa kuwa safari hii pesa zilibaki katika mikono ile ile iliyozishika awali. Ni urahisi kwa abiria, lakini mfumo wa kazi uliokusudiwa kubadilishwa ungali ulivyokuwa.

Kanuni za Michuki: tuliweza, kisha tukalala

Ingekuwa kosa kudhani kwamba sisi hatuna mfano wetu wa kujivunia. Mnamo Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi wakati huo, marehemu John Michuki, alichapisha kanuni mpya za magari ya umma na kutoa makataa ya hadi mwisho wa Januari 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila kiti, mstari wa manjano na abiria wasiozidi idadi ya viti. Madereva na makondakta walitakiwa kuvaa sare na kuwa na vitambulisho.

Februari 1, 2004 ilipofika magari mengi hayakuwa barabarani. Nauli ilipanda na watu walitembea. Tofauti na mwaka wa 2018, Serikali haikurudi nyuma. Kanuni zilikuwa zimeandikwa, zilikuwa na muda wa kujitayarisha wa karibu miezi minne, na zilimpa abiria kitu alichokiona siku hiyo hiyo: kiti chake mwenyewe. Baada ya majuma machache magari yalirudi yakiwa yametimiza masharti. Abiria aliyezoea kukunjwa kama samaki mkebeni alijikuta amefunga mkanda, na mara nyingi abiria wenyewe ndio waliomkemea kondakta aliyejaribu kuongeza mtu.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Hapakuwa na chombo cha kupima na kuchapisha matokeo kila mwaka. Utekelezaji uliachiwa trafiki barabarani, na mlango wa hongo ukafunguka. Mikanda ilichakaa ikawa mapambo, vidhibiti mwendo vikachezewa, na Novemba 12, 2018 Serikali ililazimika kuzifufua kanuni zile zile kwa msako mkubwa. Sera iliyotegemea ukali wa mtu mmoja ilidhoofika alipoondoka katika wizara hiyo.

Chombo kinachokumbuka

Ndiyo maana miji iliyofaulu imewekeza katika taasisi zaidi ya watu. Curitiba ilikuwa na taasisi yake ya mipango, IPPUC, tangu mwaka wa 1965, kabla Jaime Lerner hajawa meya mnamo 1971. Singapore iliunda mamlaka moja ya uchukuzi wa nchi kavu mwaka wa 1995, na London ikapata yake mwaka wa 2000. Vyombo hivi hukusanya takwimu, huandika kandarasi, hukosea na hujirekebisha. Seoul ilipobadili mfumo wake wote wa mabasi Julai 1, 2004, siku za kwanza zilijaa mkanganyiko, mitambo ya kadi ilikwama na Meya Lee Myung-bak aliwaomba wakazi radhi. Lakini watu wa kurekebisha walikuwepo, na mfumo huo ulikuja kuigwa kwingineko. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mradi mhunzi yupo karakanani.

Dar es Salaam inatupa sura zote mbili. Wakala wa mabasi hayo, DART, uliundwa mwaka wa 2007 na mabasi yenyewe yakaanza kutembea Mei 2016 katika njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Gerezani na Morocco. Wakazi wameyabatiza Mwendokasi. Safari ya Kimara iliyokuwa ikichukua saa mbili au zaidi asubuhi ilifupishwa mno, na mwaka wa 2018 jiji hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Hata hivyo, mabasi yalikuwa machache kuliko yaliyopangwa, karakana ya Jangwani ilijengwa bondeni na kufurika maji ya mvua mara kwa mara, na uendeshaji wa muda ukarefuka miaka na mikaka. Abiria walibanana vituoni. Zege lilikamilika, lakini kandarasi ya kuendesha mabasi ilibaki nusu.

Nairobi nayo ina Mamlaka ya Uchukuzi wa Eneo la Jiji, NaMATA, iliyoundwa mwaka wa 2017 kuhudumia kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Njia tano za mabasi yaendayo haraka zilichorwa na kupewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwaka wa 2018 mistari myekundu ilipakwa katika Barabara Kuu ya Thika kabla ya kuwa na basi, kituo au kandarasi, na jua likaifuta. Ujenzi wa vituo ulioanza baadaye ulikwama mara kadhaa. Katika muda huo huo Barabara ya juu ya Nairobi yenye urefu wa kilomita 27 ilijengwa na kufunguliwa mwaka wa 2022 kwa wenye uwezo wa kulipa. Hilo laonyesha kwamba uwezo wa kujenga haraka upo pale ambapo mpango wa fedha umeafikiwa mapema.

Ubunifu usioomba ruhusa

Si ubunifu wote hutoka afisini. Matatu zenyewe zilizaliwa bila idhini, zikaruhusiwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1973. Bodaboda zilienea kabla sheria hazijatungwa. Teksi za programu za simu ziliingia Nairobi, na mabasi ya umeme yakafuata mwaka wa 2022. Katika hali kama hizi kazi ya utawala ni kupima mapema, kisha kuamua nini kikubaliwe na kwa masharti gani.

Paris iliruhusu skuta za umeme za kukodi mwaka wa 2018, ikapunguza idadi ya kampuni na kasi yake, na hatimaye ikawauliza wakazi. Katika kura ya Aprili 2023 karibu asilimia 90 ya waliojitokeza walizikataa, ingawa waliojitokeza walikuwa wachache mno. Zikaondolewa kabla ya Septemba. Utawala uwe na ujasiri wa kukubali jambo jipya na pia ujasiri wa kulikataa likishapimwa.

Hapa nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Marekani walizunguka na simu ndani ya matatu na mwaka wa 2014 wakatoa ramani ya kwanza kamili ya njia za jiji, zipatazo 130. Mfumo ambao wengi waliuita fujo ulikuwa na mpangilio wake. Hakuna sera inayoweza kuzipanga njia hizo bila kwanza kuzijua.

Maswali ya mwananchi

Kila mara serikali ya kaunti au ya kitaifa itangazapo mpango mpya wa uchukuzi, msomaji ana haki ya kuuliza mambo matano. Je, hali ya sasa imepimwa, na ni lini matokeo yatachapishwa? Abiria atakayeondolewa katika gari lake la sasa atapanda nini asubuhi ya kwanza? Dereva na kondakta watapata mshahara kutoka kwa nani? Mapato yatakwenda wapi, na ni sheria gani inayoyafunga? Na waziri au gavana akiondoka, ni chombo gani kitakachoendelea na kazi?

Kuna swali la sita ambalo husahauliwa. Takriban safari nne katika kila kumi Nairobi hufanywa kwa miguu, nyingi zikiwa za watu wasiomudu nauli. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwatengenezea njia waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Je, mpango huo mpya unawapa nini?

Waliotembea Desemba 3, 2018 walikuwa wakitembea kwa sababu maswali haya hayakuulizwa. Mpango mwingine wa kupunguza magari katikati ya Nairobi utakuja, kwa kuwa barabara hazitanuki na watu wanaongezeka. Utakapokuja, na uje na mabasi kabla ya amri.